Sequoyah, Sonara Aliyewaundia Watu Wake Herufi

Mwalimu wa darasa la kwanza humwanzisha mtoto kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Lipo taifa ambalo kila silabi ya namna hiyo ina herufi yake moja, na herufi hizo zote zilibuniwa na mtu mmoja ambaye hakujua kusoma lugha yoyote.

Mtu huyo ni Sequoyah, wa taifa la Cherokee, miongoni mwa wenyeji asilia wa Marekani. Alizaliwa katika miaka ya 1770 hivi, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tennessee. Alikuwa sonara, tena alichechemea. Aliwaona wazungu wakiwasiliana kwa karatasi, naye akakataa katakata kuamini kwamba huo ulikuwa uchawi.

Hapo awali alijaribu kuunda alama moja kwa kila neno. Kazi hiyo haikuwa na kikomo, kwani maneno hayaishi. Isitoshe, husimuliwa kwamba mkewe aliitia motoni. Ndipo akaanza kutega sikio. Akatambua kwamba maneno ya lugha yake, yawe marefu yawavyo, yamefumwa kwa silabi chache zinazojirudia. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo ukubwa wake. Uchanganuzi ambao wanafunzi wetu wa isimu huuhangaikia muhula mzima, yeye aliufanya kwa sikio tupu.

Kufikia mwaka wa 1821 alikuwa na herufi 86. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa bintiye, Ayoka. Wazee wenye shaka waliwatenga baba na mwana, mmoja akaandika aliyoambiwa, mwingine akayasoma bila kukosea. Taifa lilizikubali herufi hizo mwaka wa 1825, na mnamo Februari 1828 gazeti la Cherokee Phoenix likaanza kuchapishwa huko New Echota, Georgia, kwa Kicherokee na Kiingereza.

Muongo mmoja baadaye, mwaka wa 1838 na 1839, Wacherokee walifukuzwa makwao na kuswagwa hadi Oklahoma ya leo. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Sequoyah, aliyekuwa ametangulia kuhamia magharibi, alifariki Mexico mwaka wa 1843 akiwatafuta ndugu zake waliotawanyika. Kaburi lake halijulikani.

Herufi zake hazikufa naye, ila zilikutana na kizingiti kipya katika tarakilishi. Baadhi yake hufanana na za Kilatini kwa umbo tu: yenye sura ya D husomwa a, ya R husomwa e, ya W husomwa la. Tarakilishi nayo haijui sura, hujua nambari. Kwa miaka mingi herufi za Kicherokee zilivishwa nambari za Kilatini kwa fonti maalumu, na aliyefungua waraka huo kwenye mashine isiyo na fonti hiyo alikuta vurugu tupu. Mwaka wa 1999, toleo la tatu la Yunikodi, orodha ya kimataifa ya nambari za herufi, liliziingiza herufi 85. Tangu hapo D ya Kiingereza ni 68, na a ya Sequoyah, ingawa ni pacha wake machoni, ni 5024. Herufi ya 86, isomwayo mv, ilikuwa imekwisha kuachwa na waandishi. Iliingizwa mwaka wa 2015, pamoja na herufi ndogo zilizokuwa zimetumika katika baadhi ya vitabu vya kale.