Sørensen, mtu aliyeleta pH

Søren Sørensen alizaliwa mwaka wa 1868 katika Denmaki, mtoto wa mkulima. Tangu 1901 aliongoza labo ya kemia ya Carlsberg, wale wa bia, mjini Copenhagen. Aliona asidi ikigeuka kidogo tu, majaribio yake yanaharibika. Ndiyo sababu mwaka wa 1909 alitangaza pH: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kama maji ya majivu.

Ili pH isirukeruke, alitumia chumvi za asidi ya fosfori, asidi yenye kuachilia protoni tatu, moja kisha ingine.

Ziwa Tanganyika nalo linajishikilia vile. Asidi ya kaboni ina protoni mbili. Ikiachilia ya kwanza, inabaki bikaboneti, na ziwa limejaa bikaboneti. Maji ya juu yana pH karibu 9. Hapo klorini inaua vidudu vya kolera polepole. Mkaaji wa Kalemie mwenye kutia klorini ndani ya maji ya ziwa asiiache, lakini angoje zaidi ya ile nusu saa ya kawaida mbele ya kunywa.

Sørensen alikufa mwaka wa 1939. Kipimo chake kingali kinatumika.