Maria, mama wa Yesu: imani iliyodumu mpaka mwisho

Tumeingia tena katika Majilio, majuma manne ya kungojea Noeli. Makwaya yanarudia nyimbo zao, na watoto wa shule ya Jumapili wanajifunza mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Kila mwaka msichana mmoja anachaguliwa awe Maria. Anajifunika kitambaa kichwani, anaketi kimya karibu na hori kwa dakika chache, halafu mchezo unakwisha. Baada ya hapo jina la Maria halisikiki sana kanisani mpaka Desemba nyingine.

Sisi Waprotestanti hatumwombi Maria, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunaogopa hata kumzungumzia. Lakini Martin Luther, katika mwaka wa 1521, aliandika maelezo marefu juu ya wimbo wa Maria, kwa sababu aliona ndani yake neema ya Mungu inayomtazama mtu mdogo asiye na cheo. Kujifunza imani ya Maria hakumpunguzii Kristo utukufu wake. Basi tufuate maisha yake tangu mwanzo hadi mahali ambapo Maandiko yanamtaja kwa mara ya mwisho. Tutaona kwamba siku alipomkubalia malaika ilikuwa siku ya kwanza tu ya safari ndefu.

Msichana wa Nazareti

Jina lake kwa Kiebrania ni Miriamu, kama dada yake Musa. Aliishi Nazareti, kijiji cha Galilaya ambacho Agano la Kale halikitaji hata mara moja. Nathanaeli, aliyekuwa mtu wa Galilaya pia, alishangaa kusikia kwamba kitu chema kinaweza kutoka huko. Nchi ilikuwa chini ya mfalme Herode, na Herode mwenyewe alikuwa chini ya Roma.

Maria alikuwa amechumbiwa na Yosefu, seremala wa ukoo wa Daudi. Kwa desturi ya Wayahudi, uchumba ulikuwa kifungo kamili. Hata kama wawili hawajaanza kukaa pamoja, hawakuweza kuachana bila hati ya talaka.

Luka anaeleza kwamba malaika Gabrieli alimletea habari kwamba atapata mimba na kumzaa Mwana wa Aliye Juu. Maria aliuliza jambo hilo litatokeaje, kwa kuwa hakuwa amemjua mume. Miezi sita mbele, kuhani Zakaria naye alikuwa ameuliza swali mbele ya malaika yuleyule, akawa bubu. Tofauti iko wapi? Zakaria alitaka kwanza uhakika ndipo aamini. Maria aliuliza njia ya jambo ambalo alikuwa tayari kulipokea. Alipoelezwa kwamba ni kazi ya Roho Mtakatifu, alijitoa kuwa mtumishi wa Bwana.

Tusipite haraka hapo. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22, ilitoa adhabu ya kupigwa mawe kwa msichana aliyechumbiwa akalala na mwanaume mwingine. Malaika hakumwachia Maria barua ya kuwaonyesha wazazi na majirani. Yosefu mwenyewe, alipotambua kwamba mchumba wake ana mimba, alikusudia kumwacha kwa siri. Alikuwa mtu mwenye haki, na haki yake ilionekana katika jambo hili: hakutaka kumwaibisha. Ilihitajika ndoto kutoka kwa Mungu ili amchukue kuwa mke wake.

Nyumba ya Elisabeti

Maria aliondoka kwa haraka akaenda katika nchi ya milima ya Yuda, safari ya siku kadhaa, kumtembelea jamaa yake Elisabeti, mke wa Zakaria. Elisabeti alikuwa mzee, naye alikuwa na mimba ya miezi sita baada ya kuitwa tasa maisha yake yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza, katika Injili ya Luka, aliyemwita Maria mwenye heri kwa sababu ameamini. Mama huyo mzee hakumhoji mgeni wake wala hakumweka mbali. Alimpokea kwa furaha, akajiona mwenye bahati kwa kutembelewa naye.

Hapo ndipo Maria alipoimba. Wimbo wake unafuata njia ya wimbo wa Hana, mama wa Samweli. Unamsifu Mungu anayewashusha wenye nguvu katika viti vyao, anayewainua wanyonge na kuwashibisha wenye njaa. Lakini angalia saa aliyouimba. Herode alikuwa bado mfalme. Roma ilikuwa bado inatoza kodi. Mtoto alikuwa hajazaliwa. Maria alisema juu ya mambo yajayo kana kwamba yamekwisha kutendeka, kwa sababu aliyeyaahidi ni Mungu.

Alikaa huko karibu miezi mitatu, kisha akarudi kwake, kwa watu waliomjua.

Hori, na njiwa wa maskini

Amri ya Kaisari Augusto ya kuandikisha watu ilimlazimisha Yosefu kwenda Bethlehemu, mji wa babu zake. Kutoka Nazareti ni mwendo wa kilomita 150 hivi, kulingana na njia, na Maria alikuwa karibu kujifungua. Mtoto alizaliwa, akalazwa katika hori ya wanyama kwa kukosa nafasi penye wageni. Wachungaji wa kondoo walifika usiku na habari walizosikia kwa malaika. Watu walistaajabu, lakini Luka anaongeza kwamba Maria aliyaweka maneno hayo yote na kuyatafakari moyoni.

Siku arobaini zilipotimia, walimpeleka mtoto Yerusalemu, hekaluni. Sheria katika Walawi 12 ilimtaka mama aliyejifungua atoe mwana-kondoo, na ikamruhusu asiye na uwezo atoe ndege wawili. Luka anataja ndege peke yake. Hivyo tunajua kwamba Mwokozi alizaliwa katika nyumba ya maskini. Siku hiyohiyo mzee Simeoni alimbariki mtoto, kisha akamgeukia mama na kumtangulizia kwamba upanga utaingia ndani ya nafsi yake. Maria alitoka hekaluni akibeba mtoto na neno hilo.

Usiku wa kukimbia

Baada ya mamajusi kuondoka, Yosefu aliamshwa na ndoto. Herode alikuwa anamtafuta mtoto ili amuue. Waliondoka usiku uleule kwenda Misri. Nyuma yao, Bethlehemu ilijaa vilio vya akina mama ambao watoto wao wanaume wa miaka miwili na chini waliuawa na askari.

Msomaji wa Masisi, wa Rutshuru, wa Djugu au wa Fizi hahitaji kuelezwa sana usiku wa namna hiyo. Anajua kufunga mtoto mgongoni bila kuwasha taa. Anajua kuchagua kati ya chungu na blanketi, na kuvuka mpaka bila kujua siku ya kurudi. Maria alikuwa mkimbizi. Ahadi ya malaika kuhusu kiti cha enzi cha Daudi ilikuwa ikisafiri mgongoni mwa mama asiyekuwa na nyumba.

Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo, kwa hesabu ya leo ambayo ilikosea miaka michache katika kupanga mwaka wa kuzaliwa kwa Yesu. Familia ikarudi. Lakini Yudea ilikuwa mikononi mwa Arkelao, mwana wa Herode, na Yosefu aliogopa. Wakaenda Nazareti. Mwandishi wa historia Josephus anasimulia kwamba baada ya kifo cha Herode uasi ulizuka, na majeshi ya jemadari wa Kirumi Varus yakateketeza mji wa Sepphoris na kuwauza wakaaji wake kuwa watumwa. Mji huo ulikuwa karibu kilomita 6 tu kutoka Nazareti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchi ambamo Maria aliteka maji, alipika na kumlea mtoto wake: jirani na mji uliochomwa.

Kuamini bila kuelewa yote

Yesu alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walimpoteza siku tatu katika safari ya Pasaka, wakamkuta hekaluni kati ya walimu. Aliwajibu kwamba ilimpasa kuwa katika mambo ya Baba yake. Luka anasema wazi kwamba hawakuelewa. Ndiyo, hata Maria, aliyezungumza na malaika, hakuelewa. Akayaweka tena moyoni.

Miaka mingi baadaye, katika arusi ya Kana, alimwambia Yesu kwamba divai imekwisha. Jibu alilopata lilikuwa zito kwa mama. Hakukasirika wala hakumwamuru mwanawe. Aliwaelekeza watumishi wafanye lolote watakaloagizwa na Yesu, halafu akanyamaza. Mitungi sita ya mawe ikajazwa maji, na maji yakawa divai.

Marko 3 inatupatia saa ngumu zaidi. Makutano yalikuwa makubwa, na jamaa za Yesu walitoka kwenda kumkamata, wakidhani amerukwa na akili. Mama yake na ndugu zake wakafika, wakasimama nje na kutuma mtu amwite. Yesu akawatazama walioketi kumzunguka na kufundisha kwamba afanyaye mapenzi ya Mungu ndiye ndugu yake, dada yake na mama yake. Siku hiyo Maria alijifunza kwamba kumzaa Yesu hakutoshi. Ilimpasa kumfuata kama mwanafunzi yeyote.

Karibu na msalaba

Alimfuata mpaka Golgota. Wanafunzi wengi walikuwa wamekimbia, lakini Yohana anamwonyesha Maria akiwa amesimama karibu na msalaba pamoja na wanawake wengine. Injili haitaji neno hata moja alilosema. Upanga wa Simeoni ulikuwa umefika. Yesu, katikati ya maumivu, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi huyo akamchukua nyumbani kwake.

Wamama wengi katika makanisa yetu ya mashariki wamezika vijana wao, na wengine hawakupata hata mwili wa kuzika. Wanapomwona Maria amesimama pale, wajue kwamba kulia si ukosefu wa imani. Imani inaweza kusimama ikilia, bila neno mdomoni.

Mahali pa mwisho

Baada ya ufufuo na kupaa kwa Bwana, Matendo 1:14 inamtaja Maria kwa mara ya mwisho. Yuko Yerusalemu, katika chumba cha juu, kati ya mitume, wanawake wengine na ndugu za Yesu, ambao hapo awali hawakumwamini. Jumla ya waamini ilikuwa karibu watu 120. Hakuketi juu ya wengine. Alikuwa anaomba pamoja nao, akingojea Roho Mtakatifu ambaye Bwana aliahidi.

Katika kijiji chake, Maria alikuwa ameambiwa kwamba Roho atamjilia, akamngoja mtoto. Sasa, baada ya kukimbia, kutoelewa na kufiwa, bado anangoja ahadi ya Mungu, na safari hii anangoja pamoja na kanisa zima.

Majilio yetu

Kuna waamini kati yetu waliochoka kuombea amani. Wameomba miaka na miaka, na bado wanasikia risasi. Wengine wameanza kusema kwamba Mungu amesahau mashariki ya Congo. Maisha ya Maria hayatupatii ahadi kwamba vita itaisha kabla ya Noeli. Yanatuonyesha kwamba ahadi ya Mungu haifi kwa sababu Herode yu hai. Maria aliimba ushindi wa Mungu miaka zaidi ya thelathini kabla ya kaburi kuwa wazi, na katikati ya miaka hiyo aliona giza nyingi. Basi tusiache mkutano wa maombi, hata kama tumebaki wachache.

Na kuna jambo la pili. Katika parokia zetu wako wasichana wenye mimba ambao wameondolewa katika kwaya na hata nyumbani kwao. Baadhi yao walitendewa kwa nguvu na watu wenye silaha. Mimba ya Maria ilikuwa ya Roho Mtakatifu, haifanani na nyingine yoyote. Lakini macho ya majirani hayakujua hivyo, na macho hayo tunayo sisi pia. Mungu alimpa Maria Yosefu asiyependa kumwaibisha, na Elisabeti aliyemfungulia mlango kwa miezi mitatu. Ingekuwaje kama kila kanisa lingekuwa na nyumba ya Elisabeti? Kabla ya tarehe 25 Desemba, wamama wa kanisa wamtafute msichana mmoja wa namna hiyo, wamtembelee, wampelekee nguo za mtoto, wamrudishe katika ushirika.

Bwana Mungu, uliyemtazama mtumishi wako Maria katika unyonge wake, ututazame na sisi. Utupe imani isiyoelewa yote lakini inayodumu, mpaka siku utakapotimiza kila neno ulilolisema. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.