UFAHAMU: OTTO WARBURG NA PUMZI YA SELI

Soma habari ifuatayo, kisha jibu maswali.

Kama umekulia Newala au Masasi, umeona makopa yameanikwa juani, na umeonywa usitafune muhogo mchungu. Sababu yake utaielewa ukisoma maisha ya mwanasayansi Otto Warburg.

Warburg alizaliwa Freiburg, Ujerumani, tarehe 8 Oktoba 1883. Baba yake alikuwa profesa wa fizikia. Otto alipata udaktari wa kemia mwaka 1906, kisha wa tiba mwaka 1911. Alitaka kujua seli hai hutumiaje oksijeni. Aliziweka seli katika chupa ndogo na kupima oksijeni iliyotumika. Alipotia sayanidi, upumuaji ulizuiwa ingawa oksijeni ilikuwapo tele. Akaonyesha kuwa seli ina kimeng'enya chenye madini ya chuma, na sayanidi huking'ang'ania chuma hicho. Kwa kazi yake juu ya kimeng'enya hicho alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Baba yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na mwaka 1941 utawala wa Kinazi ulimwondoa Otto kazini kwa muda. Alifariki Berlin tarehe 1 Agosti 1970.

Leo tunajua kuwa kimeng'enya hicho kimo katika mitokondria. Kikizibwa, seli hukosa nguvu, na kemikali kali zitokanazo na oksijeni huweza kuiharibu hadi ife. Ubongo, moyo na misuli huumia upesi kwa sababu hutumia nguvu nyingi.

Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hutoa sayanidi hiyohiyo. Ikiwa nyingi huua kwa saa chache. Ikiliwa kwa wiki kadhaa na mtu anayekosa protini, huweza kuleta konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usiopona. Konzo ilitokea mkoani Mtwara miaka ya 2002 na 2003.

Kuanika peke yake hakutoshi. Kuloweka husaidia zaidi. Lakini unajua shida ya maji katika uwanda wa Makonde. Basi lowanisha unga kwa maji, utandaze tabaka jembamba juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5 ili sumu ipae, ndipo upike ugali siku hiyohiyo. Hata njaa ikibisha hodi, usiruke hatua hiyo.

Maswali
1. Warburg aligundua nini alipotumia sayanidi?
2. Kwa nini seli hufa ingawa oksijeni ipo?
3. Eleza maana ya "njaa ikibisha hodi".
4. Fupisha aya ya mwisho kwa maneno 30.