Torkel Weis-Fogh, mtu wa nzige

Nzige wa jangwani walipofika Ituri mwaka 2020, mara ya kwanza tangu 1944, wengi wetu tuliona hasara tu. Torkel Weis-Fogh, mwanasayansi wa Denmark aliyezaliwa 1922, yeye aliangalia bawa. Mwaka 1960 alieleza kitu alichokuta kwenye maungio yake: protini yenye kuvutika sawa mpira. Aliiita resilini. Ukiivuta na nguvu 100, inarudisha karibu 97. Njo inasaidia nzige kuruka mbali. Alikufa 1975, mwaka 2005 wataalamu wa Australia walitangaza wameitengeneza. Sisi wachimbaji, nyundo ikipiga jiwe, nguvu inarudi kuvunja mabega yetu. Tunaomba wenye kutengeneza vyombo wajifunze kwa nzige: nguvu irudi kusaidia mfanyakazi, isimuumize.