Al-Jahidh, mjukuu wa mchunga ngamia mweusi

Nimesomesha bayolojia miaka mingi katika skuli za Sharqiyah, mingi zaidi Ibra, na kila tulipofika mlango wa urithi nilijua swali gani linakuja. Mtoto wa kwetu, wa nyumba inayosema Kiswahili, husubiri kengele ilie na wenzake watoke, ndipo anisogelee mezani. Mwalimu, kwa nini kaka yangu katoka mweupe na mimi nimetoka mweusi, na baba ni mmoja na mama ni mmoja? Mwaka mmoja aliyeniuliza alikuwa msichana wa darasa la kumi na moja, macho yake mekundu, kwani mwenzake alikuwa amemwambia kuwa weusi ni laana iliyowashukia watoto wa Ham bin Nuh.

Nilimjibu kwanza kwa jeni. Rangi ya ngozi haishikwi na jeni moja, ni nyingi, na kila mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, lakini si nusu ile ile aliyochukua ndugu yake. Kisha nikamwambia habari za mtu ambaye yeye alimjua kwenye somo la Kiarabu tu, kwa visa vyake vya mabakhili.

Abu Uthman Amr bin Bahr alizaliwa Basra yapata mwaka 776. Macho yake yalitokeza nje, na ndiyo maana watu wakamwita Al-Jahidh. Waandishi wa zamani wanaeleza kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia wa Bani Kinana. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Ujanani aliuza mikate na samaki kando ya mfereji, na inasemekana alikuwa akikodi maduka ya vitabu usiku ili alale humo akisoma.

Basra haikuwa ugenini kwa watu wa Oman. Imam Jabir bin Zayd, mzaliwa wa Firq, pale pale Nizwa, alisoma na kusomesha huko kabla Al-Jahidh hajazaliwa. Na Basra ilifika pia watu wa mwambao wetu wa Afrika, wengi wao wakiwa watumwa, wakafanyishwa kazi ngumu ya kuondoa tabaka la chumvi kwenye mashamba. Wakiitwa Zanji. Al-Jahidh alikua akiwaona.

Alihamia Baghdad, maandishi yake yakampendeza Khalifa Al-Ma'mun, na akaishi kwa kalamu, jambo gumu hata leo. Wanasimulia kuwa Khalifa Al-Mutawakkil alitaka awasomeshe wanawe, lakini alipouona uso wake akampa dirham 10,000 na kumrudisha. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Hayawan, chenye juzuu saba, alimtunukia waziri Ibn al-Zayyat. Waziri huyo aliuawa mwaka 847, na Al-Jahidh aliponea chupuchupu.

Risala yake iliyonifanya nimpende ni ndogo, nayo inahusu fahari ya weusi juu ya weupe. Humo anakataa kabisa kuwa Mwenyezi Mungu aliwaumba watu weusi kwa kuwaadhibu. Sababu, anasema, ni ardhi, maji na jua. Anaeleza habari za Harra ya Bani Sulaym huko Hijaz, nchi ya mawe meusi, ambako hata swala, mbuni, mbweha na ndege wana weusi wa mahali pao. Anataja panzi, ambaye ni kijani kwenye majani, na chawa, ambaye ni mweusi kwenye kichwa cha kijana na mweupe kwenye kichwa cha mzee mwenye mvi. (Chawa huyu aliwachekesha wanafunzi wangu kila mwaka.) Na humo humo anawaambia watu wa Iraq kuwa hawajawaona Zanji wa kweli, wamewaona mateka tu, kisha anataja Qanbalu na Lanjuya. Lanjuya wataalamu wengi wanasema ni Unguja, na Qanbalu ni Pemba. Hiyo ni karne ya tisa.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Katika vitabu vyake vingine anakariri kejeli za zama zake juu ya Zanji bila ya kuona haya. Na wale wanaodai kuwa aligundua mageuko miaka elfu kabla ya Darwin wanazidisha chumvi. Katika Kitab al-Hayawan anaeleza jinsi mnyama anavyomla mwenziwe na yeye akaliwa na mwingine, na katika risala ile anaeleza jinsi rangi inavyofuata ardhi, lakini kwa ninavyomsoma mimi, hakuyaunganisha mawili hayo. Ukienda kwenye mchanga wa Sharqiyah utaona mijusi yenye rangi ya mchanga. Mchanga haukuwapaka rangi. Aliyeonekana aliliwa, asiyeonekana akazaa. Kwa binadamu, jua kali liliwapa nafuu wenye melanini nyingi, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo alipotaja ardhi na jua aliugusa ukweli, ila hakujua njia yake.

Uzeeni alipooza upande mmoja, akarudi Basra, na akafariki mwishoni mwa 868 au mwanzoni mwa 869, akiwa na zaidi ya miaka 90. Kuna hadithi kuwa vitabu vyake vilimwangukia. Mimi siisadiki, lakini kila mtu anaipenda. Mwezi wa Septemba 869 Zanji wa mashamba yale ya chumvi waliasi, na vita vyao vikadumu miaka 14.

Wiki iliyofuata yule msichana aliniletea mti wa ukoo wao aliouchora mwenyewe, kila jina limetiwa rangi kwa penseli: babu wa Ibra, bibi wa Sur, bibi mwengine wa Wete. Pembeni ya jina la bibi wa Wete ameandika kwa Kiarabu: Qanbalu.