Seyyid Barghash na Nishani ya Nyota

Mto Simiyu hutoka upande wa mbuga za Serengeti, ukapita Usukuma, ukaingia Nyanza katika Ghuba ya Speke. Mapema mwaka 1875 msafara wa Henry Stanley ulifika nchi hiyo. Wengi wa wapagazi wake walikuwa watu wa Zanzibar, na mtawala wao alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Siku zile misafara ya biashara iliyotoka pwani ilikwenda na bendera nyekundu ya Sultani. Kwa hiyo jina lake lilijulikana mbali barani, hata mahali ambapo hakuwa na liwali wala askari.

Barghash alikuwa mwana wa Seyyid Said, na mamaye alikuwa Mhabeshi. Baba yake alipokufa baharini mwaka 1856, yeye alikuwamo katika merikebu ile ile. Lakini kiti kilikwenda kwa ndugu yake, Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliasi, akajifungia na watu wake katika nyumba ya shamba; Waingereza wakamsaidia Majid, na mwasi akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili. Huko aliona kwa macho yake jinsi dola kubwa inavyotawala. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akakalia kiti alichokitamani.

Alianza kwa mashaka. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka uliofuata Waingereza walimshurutisha atie sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini. Alikataa kwanza, alipoambiwa kwamba manowari zitafunga bandari yake, akakubali, na soko la watumwa likafungwa.

Mwaka 1875 alisafiri mpaka London, akapokewa na Malkia Victoria. Katika majumba ya wafalme wa Ulaya nishani hazikuwa pambo tu. Mfalme ndiye chemchemi yake: humvika mtumishi wake kuonyesha shukrani, tena humpelekea mfalme mwenziwe kuonyesha urafiki. Nishani yenyewe ni kipande cha madini. Thamani yake hutoka kwa mkono unaoitoa, na asiyekuwa na dola hana nishani ya kutoa. Barghash aliyafahamu hayo vizuri. Mwaka ule ule wa 1875 aliweka nishani ya nchi yake mwenyewe, ikaitwa Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, yenye madaraja mbalimbali. Miongoni mwa waliovikwa alikuwamo Lloyd Mathews, Mwingereza aliyewafundisha askari wa Sultani. Yeye Barghash naye alipewa nishani za wageni: Malkia wa Uingereza alimpa ile ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, daraja la juu kabisa, na mfalme wa Ureno alimpa ile ya Mnara na Upanga.

Haifai kudhani kwamba alipenda mapambo tu. Aliwaletea watu wa mjini maji safi ya chemchemi kwa mabomba, na mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba linalotazama bahari.

Lakini mwishoni mwa mwaka 1884 Mdachi mmoja, Karl Peters, alipita kwa siri nyuma ya pwani, akawatia machifu sahihi katika karatasi ambazo hawakuzielewa. Mwezi wa Februari 1885 Kaisari wa Wadachi akazithibitisha kwa hati yake. Barghash alimpelekea Kaisari simu ya kulalamika, kama mfalme kwa mfalme. Jibu lilikuwa manowari: mwezi wa Agosti zilitia nanga mbele ya jumba lake, naye akalazimika kunyamaza.

Wakaja wajumbe wa Waingereza, Wadachi na Wafaransa kuchunguza mipaka ya nchi yake, lakini yeye hakupewa mjumbe kati yao. Kwa mapatano ya mwaka 1886 Sultani aliachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mto Umba, ukipita kaskazini ya Kilimanjaro, mpaka ukingo wa mashariki wa Nyanza. Usukuma wote, pamoja na Bariadi na bonde la Simiyu, ulikuwa kusini ya mstari huo, ukahesabiwa fungu la Wadachi. Watu waliokuwa wakilima na kuchunga huko hawakuulizwa, wala hawakuwa na habari. Mwaka 1887 Wareno nao, waliokuwa wamemvika Mnara na Upanga, walimnyang'anya Ghuba ya Tungi upande wa kusini.

Afya yake ikaharibika. Alikwenda Oman kutafuta nafuu, akarudi Zanzibar mwezi wa Machi 1888, na mara akafariki. Ndugu yake Khalifa alirithi kiti, visiwa, ukanda ule wa pwani, na haki ya kuivika Nyota Ing'aayo. Masultani waliofuata waliendelea kuitoa, hata chini ya ulinzi wa Waingereza, mpaka mapinduzi ya Januari 1964 yalipoondoa usultani.