Percy Julian na Mbegu ya Calabar

Mtahiniwa, unapopima joto la kuyeyuka la dutu maabara, usilione kuwa jambo dogo. Kipimo hicho kilimsaidia sana Percy Lavon Julian.

Julian alizaliwa mwaka 1899 mjini Montgomery, Alabama, Marekani, akiwa mjukuu wa watumwa. Mjini kwao hapakuwa na shule ya sekondari ya umma kwa watoto weusi. Hivyo, alipoingia Chuo Kikuu cha DePauw, alisoma masomo ya sekondari pamoja na ya chuo. Hata hivyo, mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza. Mwaka 1931 alipata shahada ya uzamivu Vienna, Austria.

Alirudi DePauw na, pamoja na Josef Pikl, akachunguza mbegu ya Calabar, mmea wa jamii ya kunde wa Afrika Magharibi. Zamani watuhumiwa walinyweshwa mbegu hiyo ili ijulikane kama wana hatia. Sumu yake huitwa fisostigmini.

Kumbuka somo la neva: ncha ya neva hutoa asetilikolini ili kupeleka ujumbe kwenye msuli, kisha kimeng'enya huivunja. Fisostigmini huzuia kimeng'enya hicho, hivyo ujumbe hudumu. Ikizidi, mtu hushindwa kupumua. Kidogo kikitiwa jichoni, mboni husinyaa, majimaji hupata njia na presha ya jicho hushuka. Ndiyo maana ilitibu glakoma.

Robert Robinson wa Oxford, mwanakemia mashuhuri, naye alikuwa akiitengeneza. Matokeo yao yalipotofautiana, Julian alichapisha kwamba Robinson amekosea. Angekosea yeye, kazi yake ingekwisha. Alilinganisha joto la kuyeyuka la dutu zake na la zile zilizotoka kwenye mbegu, yakalingana. Mwaka 1935 alikuwa amefaulu.

Hata hivyo, alinyimwa uprofesa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1936 alihamia kiwandani Chicago, akatengeneza homoni kutokana na soya. Mwaka 1951 nyumba yake ilirushiwa baruti, hakuhama. Alifariki mwaka 1975.

Nawe ukipata jibu tofauti na la mwenzako, usilifute haraka. Pima tena.

Maswali
1. Eleza jinsi fisostigmini inavyoathiri kazi ya neva.
2. Kwa nini joto la kuyeyuka lilikuwa ushahidi muhimu kwa Julian?